Yatokanayo

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya kamati ya baraza iliyosimamia huduma za jamii na usalama wa wakazi. Nilikaa mwisho wa meza, kushoto kwa mwenyekiti, nikiwa na daftari na baadaye kompyuta. Sikuwa na haki ya kuchangia hoja. Nilisikiliza, niliandika, na baada ya siku saba nilisambaza makabrasha. Nikiulizwa leo ni sentensi gani niliyoiandika mara nyingi kuliko zote katika miaka hiyo, sihitaji kufikiri: "Kamati ilipokea taarifa."

Ni sentensi halali, kila baraza linayo. Taarifa ya zimamoto ilipokelewa, taarifa ya taa za barabarani ilipokelewa, na taarifa ya ulinzi wa watoto ikapokelewa dakika chache kabla ya kufunga kikao, wajumbe wakiwa wameshaanza kukusanya karatasi zao. Anayepokea mzigo bila kuufungua hajui amepokea nini, lakini saini yake iko kwenye karatasi. Ilinichukua muda mrefu kuona hivyo. Nililiona jambo hili kwa sababu ya mama mmoja mtu mzima na bomba lisilotoa maji.

Kamati yetu ilikuwa na utaratibu wa kuwapa wakazi dakika tatu za kuzungumza kabla ya ajenda kuu. Mama huyo alisimama bila karatasi. Alisema nyumba ya jirani yake iliungua. Gari la zimamoto lilifika, tena upesi. Askari wakafunga mpira kwenye bomba la zimamoto lililo mwisho wa njia yao, wakafungua, na hakikutoka kitu. Ilibidi waende kutafuta maji kwingine. Hakuna aliyekufa, alisema, lakini nyumba ilikwisha. Kisha akaomba jambo moja tu: mtu aende akalifungue lile bomba aone kwa macho yake.

Mwenyekiti alimshukuru. Mkuu wa idara alieleza kwamba mabomba yote hukaguliwa kwa mujibu wa ratiba na kwamba taarifa ya ukaguzi imeambatishwa kwenye kabrasha. Kikao kikaendelea. Mimi niliandika: "Mkazi mmoja alilalamikia huduma ya zimamoto. Kamati ilipokea malalamiko na kuagiza idara ifuatilie."

Kikao kilichofuata alifika mapema, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu na muhtasari mkononi.

"Mwanangu, ni wewe uliyeandika hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Umeandika nimelalamika. Sikulalamika. Zimamoto walikuja, walifanya kazi yao, sina ugomvi nao. Nimesema bomba halina maji."

Sikuwa na jibu. Alikuwa ameleta ushahidi, nami nikauandika kama manung'uniko. Na ukishaandikwa kama manung'uniko, hutibiwa hivyo: hupozwa, hushukuriwa, huwekwa kwenye faili. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kuhusu kamati za aina hii, zinavyoundwa, zinavyoshindwa, na mara chache zinavyofaulu, na kila mara narudi kwenye meza ile na kwa yule mama.

Uingereza ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu huko kazi hii ya kuhoji ilitengewa muundo wake kisheria. Kabla ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000, kamati za madiwani ndizo zilizokuwa zikiamua mambo. Baada ya sheria hiyo, mabaraza mengi ya England na Wales yaligawanyika: madiwani wachache wakawa watendaji, mfano wa baraza dogo la mawaziri, na waliobaki wakapewa kazi ya kuwahoji. Kamati za kuhoji zinaweza kuwaita watendaji na maofisa waje kujibu, na wanapaswa kuja. Zinaweza kuomba nyaraka. Zinaweza kutoa mapendekezo. Haziwezi kuamuru chochote.

Wapo wanaoona hapo ndipo penye kasoro, kwamba kamati isiyoweza kuamuru ni kamati ya bure. Mimi sikubaliani nao. Nguvu ya kamati ya namna hii imo kwenye swali, hasa swali la pili, lile linalokuja baada ya jibu lililoandaliwa. Swali la kwanza kila ofisa amelitarajia, na jibu lake limeshachapishwa. Kwa miaka 11 niliandika maswali ya kwanza mengi sana. Maswali ya pili yangejaa kurasa chache tu.

Mwaka 2013, tarehe 6 Februari, ilichapishwa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na wakili Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, England, ambako wagonjwa waliteseka kwa miaka kwa kukosa huduma ya msingi kabisa, hata maji ya kunywa na kusafishwa. Ripoti ilikuwa na mapendekezo 290. Wengi hukumbuka sehemu zinazowahusu wasimamizi wa hospitali na wauguzi. Mimi nilizitafuta kurasa zinazohusu kamati za mabaraza, la mkoa na la mji, ambazo zilikuwa na jukumu la kuangalia huduma za afya katika eneo hilo. Francis aliona kwamba kamati hizo hazikutambua dalili zilizokuwa mbele yao. Vikao vilifanyika. Wakuu wa hospitali walialikwa, wakaja, wakaeleza, na maelezo yao yakakubaliwa.

Wakati huohuo zilikuwepo familia zilizojua. Julie Bailey, ambaye mama yake alifia katika hospitali hiyo mwaka 2007, alikusanya wenzake waliofiwa au walioshuhudia mateso ya wagonjwa, wakapiga kelele mpaka zikasikika nje ya mji. Kilichokosekana ni njia ya maneno yao kufika kwenye meza ya kamati yakiwa bado ni ushahidi. Moja ya mapendekezo ya Francis lilikuwa kwamba kamati hizi zipewe uwezo wa kwenda kukagua zenyewe wanaotoa huduma. Zitoke chumbani, kwa maneno mengine. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule mama, maana ndilo aliloomba.

Rotherham, mji mwingine wa England, inauma zaidi, na nimejiuliza kama niitaje. Ripoti ya uchunguzi huru wa profesa Alexis Jay, ya Agosti 2014, ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono katika mji huo kati ya 1997 na 2013. Mtu anaweza kudhani haya yalifichika. Hayakufichika. Kati ya 2002 na 2006 ziliandikwa ripoti tatu zilizoeleza hali hiyo: moja ilizimwa, mbili zikapuuzwa. Baada ya ripoti ya Jay, serikali ilimtuma ofisa wake Louise Casey kulikagua baraza lenyewe, na ripoti yake ya mwaka 2015 ikaeleza kwamba kwa juu juu miundo yote ya usimamizi ilikuwepo, lakini utamaduni wa ndani haukukaribisha kuhojiwa. Katika kamati yetu nilimwona diwani kijana akiuliza swali zuri kuhusu nyumba za malezi ya watoto, na baada ya kikao akaambiwa na wazee wa chama chake, kwa upole kabisa, kwamba "hayo tunayamaliza ndani." Hakuuliza tena. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa, wala hakuna aliyeona haja ya kuandika.

Nieleze sasa jambo ambalo ningependa kila diwani mpya alijue kabla hajafungua kabrasha lake la kwanza: wastani huficha watu.

Chukua miito kumi ya dharura. Tisa kati yake gari lilifika kwa dakika nne. Mmoja, kule pembezoni, lilifika kwa dakika 24. Jumlisha, gawanya, unapata wastani wa dakika sita. Taarifa itasema "wastani wa dakika sita", mchoro utakuwa wa kijani, kamati itapokea. Hakuna nyumba hata moja kati ya zile kumi iliyongoja dakika sita. Ile iliyongoja 24 haionekani popote kwenye karatasi, na mara nyingi ni ileile, mtaa uleule, mwaka baada ya mwaka.

Watu wa zimamoto wenyewe wanalijua hili. Kiwango cha NFPA 1710, cha shirika la Marekani la kuzuia moto, kinachotumiwa na vikosi vya miji ya huko, hakipimi kwa wastani. Kinasema gari la kwanza litumie sekunde 240 au pungufu barabarani, na lengo hilo lifikiwe katika asilimia 90 ya miito. Na kabla ya hapo askari wawe wamevaa na kuondoka kituoni ndani ya sekunde 80 ikiwa mwito ni wa moto. Ukipima hivyo, swali linalofuata linajileta lenyewe: hiyo asilimia 10 iliyobaki inaishi wapi? Mjumbe akiuliza hilo, mkuu wa idara hawezi kujibu kwa kurudia alichokwisha kuandika. Atalazimika kufungua ramani.

Takwimu za uhalifu zina mtego wake mwingine. Grafu ikishuka, ukumbi hupumua. Lakini kinachohesabiwa si uhalifu uliotendeka, ni uhalifu ulioripotiwa na kisha kuandikwa. Novemba 2014 wakaguzi wa polisi wa England na Wales walikadiria kwamba asilimia 19 ya matukio yaliyoripotiwa polisi hayakuandikwa, zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Miezi kadhaa kabla ya hapo, mwezi Januari, mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilikuwa imeziondolea takwimu hizo hadhi ya kuaminika kitaifa. Kwa hiyo grafu ikishuka yapo mambo matatu yanayowezekana: watu wako salama zaidi, au watu wamekata tamaa ya kuripoti, au hata wakiripoti hakuna anayeandika. Diwani anayekaa na wakazi wake anaweza kujua ni lipi. Ndiyo sababu kazi hii hupewa mwakilishi aliyechaguliwa na wakazi, maana mtaalamu wa hesabu peke yake hatoshi.

Polisi, kwa kweli, ni mgeni wa heshima katika kamati hizi. Mahali pengi hawako chini ya baraza. Nchini Kenya Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa maafa, huku polisi wakibaki wa serikali ya taifa. Tanzania imekwenda njia nyingine: tangu sheria ya mwaka 2007, zimamoto na uokoaji ni jeshi la serikali kuu. Mkazi hajali mipaka hiyo. Kwake ni usiku uleule, barabara ileile yenye giza, na mwizi yuleyule. Uingereza iliwawekea mabaraza wajibu wa kuzingatia uhalifu katika kila wanachofanya, kwa Sheria ya 1998, na baadaye sheria ya 2006 ikataka kila eneo liwe na kamati inayoweza kuwaita pamoja polisi na wadau wengine wa usalama, walau mara moja kwa mwaka. Mara moja kwa mwaka ni kidogo mno. Lakini kukaa meza moja kuna thamani yake. Nilishuhudia afisa wa polisi na mhandisi wa taa wakigundua, mbele ya wajumbe, kwamba kwa miezi mingi kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aandike barua kuhusu njia moja ya miguu.

Kuna tabia moja iliyonisumbua hata kabla sijajua kuieleza. Janga likitokea kwingine, kamati husimama dakika moja kimya, kisha huendelea na ajenda. Huruma ni njema. Ila tarehe 3 Julai 2009 jengo la Lakanal House, London, liliwaka moto na watu sita wakafa, watatu kati yao watoto. Mwaka 2013 mchunguzi wa vifo alitoa mapendekezo, yakiwemo kupitia upya mwongozo wa kanuni za moto na kuhimiza mifumo ya kunyunyiza maji kwenye majengo marefu ya zamani. Mapendekezo hayo hayakuwa siri. Kamati yoyote ya baraza lenye maghorofa ya wakazi ingeweza kuyasoma na kuuliza: sisi je? Tarehe 14 Juni 2017 Grenfell Tower iliwaka, katika mji huohuo. Watu 72 walikufa. Miezi saba kabla, wakazi wa jengo hilo walikuwa wameandika hadharani kwamba wanaamini ni janga kubwa tu litakalofichua uzembe wa wasimamizi wa jengo. Walishaandika mara nyingi kabla ya hapo. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilipotolewa Septemba 2024, mwenyekiti wa uchunguzi huo alisema kwamba kila kifo kingeweza kuepukwa.

Kila nikifika hapa huwa naweka kalamu chini kwanza. Wale wakazi hawakuwa wakilalamika.

Sitaki kudanganya kwamba swali zuri hutosha siku zote. Kule Flint, Michigan, Marekani, mji ulihamishiwa maji ya mto Aprili 2014, wakati ukiendeshwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na jimbo. Wakazi walileta chupa za maji ya rangi ya kutu mikutanoni. Machi 2015 baraza la mji lilipiga kura, saba kwa mmoja, mji urudi kwenye maji ya Detroit. Meneja alikataa, na mji haukurudi hadi Oktoba. Madiwani walikuwa wamesikia, wameona, na wamepiga kura sahihi. Waliondolewa meno kabla hawajauma.

Hata pale meno yapo, mara nyingi hakuna wa kuyanoa. Desemba 2017 kamati ya bunge la Uingereza ilieleza kwamba kazi ya kuhoji haipewi hadhi sawa na kazi ya kutawala, na kwamba kamati nyingi hazina watumishi wa kuzisaidia ambao si walewale wa idara zinazohojiwa. Serikali ilitoa mwongozo mpya Mei 2019. Nilicheka kidogo kwa uchungu niliposoma kuhusu watumishi, maana katika chumba chetu mtumishi huyo nilikuwa mimi, na taarifa za kuwaandalia wajumbe maswali nilikuwa nikiziomba kwa wakuu wa idara watakaoulizwa maswali hayo.

Kilichobadilisha kamati yetu kilikuwa kidogo. Alikuja mwenyekiti mpya, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini. Kikao chake cha kwanza alifungua kabrasha kwenye ajenda ile ambayo kila baraza huipita mbio: yatokanayo na muhtasari wa kikao kilichopita. Kwa kawaida ilituchukua dakika tano. Jedwali lilikuwa na safu ya maagizo na safu ya utekelezaji, na safu ya utekelezaji ilijaa neno moja, "unaendelea", kutoka juu hadi chini. Mengine yalikuwa yakiendelea kwa miaka mitatu.

Akasema, "Mwandishi, tafadhali, kuanzia leo neno hili lisitumike. Andika jina la anayefanya, tarehe ya kumaliza, na nani amekwenda kuona."

Kikao kile kilikaa saa mbili na nusu kwenye yatokanayo peke yake. Wakuu wa idara hawakufurahi. Mmoja alisema kwa heshima kwamba kamati inaingilia utendaji. Mwenyekiti akamjibu, "Mheshimiwa, hatutaki kufanya kazi yako. Tunataka kuona imefanyika." Nikaandika neno kwa neno. Baada ya vikao vichache jedwali lilianza kupungua, na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba maofisa wazuri, wale waliokuwa wakifanya kazi kimya kimya, walianza kuja wakiwa wamechangamka, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu wa kuona tofauti kati yao na wenzao.

Bomba la yule mama lilikuwa mstari wa 14 kwenye jedwali. "Idara inafuatilia." Mwenyekiti aliuliza nani amekwenda. Hakuna aliyekwenda. Akauliza taarifa ya ukaguzi iliyoambatishwa mwaka uliopita ilikaguliwa na nani. Ikabainika kwamba ukaguzi ulikuwa wa kuangalia kama bomba lipo mahali pake na limepakwa rangi. Kufungua maji kulikuwa kwenye fomu nyingine, na fomu hiyo haikuwa imejazwa kwa bomba lile. Maswali mawili, na jibu likapatikana.

Wiki ile tulikwenda, wajumbe watatu, fundi wa maji, askari wawili wa zimamoto, na mimi na daftari langu. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni kwake akitungoja. Askari alifunga mpira, akafungua. Kimya. Fundi akaanza kutafuta vali kwa mchoro, akapima hatua, akasimama katikati ya barabara, akagonga lami kwa chuma. Vali ilikuwa chini yake. Barabara ilipowekwa lami mpya, mtu aliifunga ili kazi ifanyike, kisha lami ikapita juu.

Jioni nilifungua mafaili ya nyuma. Kazi ile ya barabara ilikuwa imeletwa mbele ya kamati yetu ilipokamilika, ikiwa na picha na jedwali. Nilikuta sentensi yangu mwenyewe chini ya ukurasa: "Taarifa ya ukarabati wa barabara ilipokelewa." Hakuna mjumbe aliyeuliza kama vali zilizofungwa zilifunguliwa. Hakuna mjumbe aliyejua kwamba ni swali la kuulizwa. Mimi pia sikujua.

Lami ilikatwa siku nne baadaye, na nilirudi. Vali iliposokotwa, bomba lilikohoa hewa, likatoa tope jekundu, kisha maji meusi, kisha maji. Askari aliyaacha yatiririke mpaka yalipokuwa meupe kabisa. Yule mama alinisogelea, akatazama daftari langu.

"Umeandika?"

Nilimsomea. Nilikuwa nimeandika namba ya bomba, saa lilipofunguliwa, dakika ngapi maji yalichukua kuwa safi, na majina ya waliokuwepo. La kwake lilikuwa la kwanza.